Bei Ambayo Twaha Hakuitaja

Mimi ni Aidarus bin Hudhaifa bin Talha. Babu yangu Talha aliingia Dar es Salaam akitokea Shihr, ng'ambo ya bahari, akiwa na kanzu mbili na mizani moja. Mizani hiyo iliwapimia watu wa Temeke mchele, sukari na misumari mpaka alipofariki, wala hakuna aliyewahi kurudi dukani kulalamika kwamba kilo yake ilipunjwa. Baba yangu Hudhaifa alirithi duka na akarithi jina. Watu waliosafiri kwenda Rufiji au Kilwa walimwachia fedha zao na dhahabu za wake zao, na ilikuwa aibu, kwa mwenye mali na kwa mwenye duka, kuzihesabu wakati wa kupokea au wakati wa kurudisha. Mfuko ulipokewa umefungwa na ulirudishwa umefungwa. Baba alikuwa akisema kwamba anayehesabu mbele ya mwenzake amekwisha kumwita mwizi.

Nami nililelewa hivyo. Nilisoma chuoni kwa maalimu aliyetutia adabu kwa fimbo ya henzirani, nikasoma shule ya serikali iliyotufundisha kusimama wima tunapojibu, kisha nikakalia kiti cha baba mpaka umri uliponiondoa dukani. Sijapata kumdhulumu mtu. Sijapata pia kubishana bei na mtu wa nyumba ninayoijua. Nayataja haya mwanzoni, na sioni haya kuwasifu wazee wangu. Lakini nayataja hasa kwa sababu gari la mjukuu wangu Nawal lilifia humo humo, ndani ya heshima hiyo.

Gari lenyewe lilikuwa Noah ya dizeli. Mwanangu Suhaib, baba yake Nawal, aliinunua ikiwa imekwisha kutumika nje ya nchi, akaiendesha miaka mingi, kisha akatuachia alipokwenda Maskati kutafuta maisha. Kilomita zake zilikuwa zimepita laki tatu. Nawal aling'oa viti vya nyuma, akaweka ubao wenye kingo ili masufuria yasiteleze, na kila siku ya kazi alipeleka chakula cha mchana Kurasini, kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Makarani, madereva na vijana wa yadi ya makontena walikula pilau yake, samaki wake wa kupaka na maharage yake ya nazi. Alianza akipika peke yake uani kwetu. Baadaye aliajiri kina mama wawili wa mtaani.

Msimamizi wa kampuni ile hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikwisha kumwambia Nawal kwamba chakula kifike kabla ya saa saba, kwa sababu watu wa bandarini hawana saa nyingine ya kula, na siku kitakapokosa kufika atatafuta mpishi mwingine. Jiko lote la Nawal, mishahara ya wasaidizi wake na fremu aliyokuwa akiitamani kule kule Kurasini ili afungue mgahawa, vilitegemea gari hilo lifike kwa wakati.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alikuja kukaa karibu nami barazani.

“Babu, gari lina kelele mbele. Na mkanda wa ndani ya injini umepitiliza muda wake zamani. Baba aliubadilisha kabla hajaondoka, na tangu hapo hakuna aliyeugusa.”

“Mkanda si jambo kubwa,” nikamwambia.

“Huu si ule wa feni, babu. Huu ndio unaozifanya sehemu za injini ziende pamoja. Ukikatika gari likiwa linatembea, injini inajiponda yenyewe. Nimepata fundi Mikocheni, anaitwa Revelian. Rafiki zangu wote wanaoendesha dizeli wanampelekea yeye. Nataka twende wote, maana gari ni la nyumba.”

Nilipenda kwamba alitaka twende wote. Siku zile Nawal hakununua hata jiko la gesi bila kuniuliza.

Gereji ya Revelian ilikuwa Mikocheni, kati ya kiwanda cha vigae na nyumba zenye kuta ndefu. Sakafu yake ilikuwa ya saruji, imefagiliwa. Mwenyewe alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya kujiamini na simu mbili, na alizungumza na watu watatu kwa wakati mmoja. Alinisalimu vizuri, sikatai. Alisema shikamoo na akanitafutia kiti. Kisha akafungua mbele ya gari, akasikiliza, akaingiza mkono, akatikisa kitu ndani na kutoka na mkono mweusi.

“Mzee, mkanda huu ni wa kutoa leo, sio kesho. Na pampu ya maji iko nyuma ya mkanda huo huo, imeanza kucheza. Hapo tunatoa mkanda, roli zake za kuukaza, pampu, sili zote za mbele, na rejeta isafishwe maana maji yake yana kutu. Gari limetembea hili. Ukifungua mbele, unafunga kila kitu kipya, hurudi tena huko.” Akajifuta mkono. “Milioni moja na laki tisa, spea na ufundi. Nusu kabla.”

Aliitaja hivyo hivyo, ningali sijamaliza hata kukaa sawasawa. Hakuuliza habari za nyumbani.

“Wewe ni mtoto wa nani?” nikamwuliza.

Alinitazama, kisha akacheka. “Mzee, baba yangu alikuwa anauza ndizi Bukoba. Hakuwahi kushika spana maisha yake yote. Hata ukimjua hatakusaidia kitu kwenye injini hii.”

Vijana wake wakacheka. Nawal naye alitabasamu, akaficha tabasamu lake kwa mtandio.

“Na hiyo nusu kabla,” nikasema, “unaidai kwa sababu unadhani nitakimbia?”

“Sidhani kitu, mzee wangu. Mwenye duka la spea ndiye anayedhani. Mimi akinipa pampu bila hela, mke wake atamfukuza.”

Wakacheka tena. Nilisimama, nikamshukuru kwa kiti chake, nikamwambia Nawal aliwashe gari. Tulipofika njia panda ya Morocco alinigeukia.

“Babu, hakukutukana.”

“Sikusema amenitukana. Nimesema simjui.”

“Mie namjua.”

“Unajua kazi yake. Hujui nyumba yake.”

Alishika usukani kwa mikono miwili. “Nyumba yake haitatengeneza gari, babu,” akasema taratibu, na kwa adabu, kiasi kwamba sikuweza kumkemea.

Mimi nilikuwa na fundi wangu. Twaha, mtoto wa marehemu Marijani, ana gereji Buguruni, nyuma ya soko. Marijani na mimi tulikaa mkeka mmoja chuoni. Ndiye aliyemwosha baba yangu siku ya mauti yake, na mimi ndiye niliyesimama upande wa wazee Twaha alipooa. Ni kijana wa sala tano, hana ulevi, hana tamaa, na mikono yake ni mizuri. Haya yote yalikuwa kweli siku ile na ni kweli hata leo. Msomaji asitafute mwizi katika kisa hiki, maana hayumo.

Alipotuona aliacha kazi, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaja kunibusu mkono. Aliagiza kahawa na kashata. Tukaulizana habari za wagonjwa, za waliosafiri, za mama yake na miguu yake. Ndipo alipofungua gari. Aliinama muda mrefu. Nilimwona akishika pampu kwa vidole viwili na kuizungusha huku na huku, akasimama, akaizungusha tena.

“Mkanda umechoka, Ami,” akasema. “Nitaubadilisha.”

“Na pampu, kaka Twaha?” akauliza Nawal. “Yule wa Mikocheni kasema inacheza.”

“Tutaiangalia.”

“Sasa jumla itakuwa bei gani?”

Twaha alicheka kidogo, akatazama chini, akakanyaga bolti iliyokuwa imelala mchangani. “Mie na Ami tutashindana bei kweli? Wewe tu, Ami.”

Hivyo ndivyo tunavyosema sisi. Fundi, mshonaji, hata mchimba kisima, akiwa mtu wa nyumba hakutajii bei. Anakwambia “wewe tu,” nawe unampa kwa kipimo cha heshima yako, naye hahesabu mbele yako.

“‘Wewe tu’ haipokelewi kwenye maduka ya Gerezani,” akasema Nawal. “Huko spea zina bei, kaka. Ukienda na ‘wewe tu’ watakupa kikombe cha chai.”

“Nawal,” nikamwambia. “Kakae garini.”

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, aliyekuwa akilisha watu sitini kwa siku. Alikwenda kukaa garini, ndani ya jua, mlango ukiwa wazi, na hakutazama upande wetu tena.

Nilitoa bahasha niliyokuwa nimeiandaa nyumbani, nikaiweka kwenye kiganja cha Twaha na kuufunga mkono wake kwa mkono wangu, kama baba alivyokuwa akirudisha mifuko ya watu. Niliiona kuwa bahasha ya mtu muungwana. Sikuwa nimepata kununua pampu ya gari, wala sikujua bei ya roli. Nilipima kwa kile ambacho miaka iliyopita kingetosha kwa kazi yoyote ya gereji, nikaongeza juu yake cha kumfurahisha. Twaha aliitia mfukoni bila kuitazama. Sote wawili tulifuata adabu tuliyofundishwa.

Gari lilirudi baada ya siku chache, limeoshwa, injini ikizunguka kwa sauti laini. Nawal alilijaribu mpaka Chang'ombe na kurudi.

“Liko vizuri,” akakiri. “Kelele imepungua.”

“Imepungua au imekwisha?”

“Imepungua, babu.”

Sikutaka kusikia tofauti ya maneno hayo mawili. Nilikwenda barazani kwa wazee wenzangu na kuwasimulia habari za fundi wa Mikocheni aliyetaja karibu milioni mbili kwa mdomo mkavu, na za mtoto wa Marijani aliyefanya kazi ile ile kwa heshima. Jamali, aliyekuwa mwendesha kreni bandarini na ambaye hajapata kuniachia neno lipite, alikunja miguu akaniuliza, “Kazi ile ile?”

“Ile ile.”

“Bwana Aidarus, mimi nimetumia mashine miaka thelathini. Mafundi wawili wakipishana bei hivyo, basi mmoja kafanya kazi mbili au mwingine kafanya nusu.”

“Mmoja ni mfanyabiashara, mwingine ni mtu wa kwetu.”

“Haya. Gari lako lenyewe lina umri wa kustaafu, litawaheshimu wote wawili.”

Watu walicheka, nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa na hakika. Miezi kadhaa ilipita, gari likaenda Kurasini na kurudi, na kila lilipoingia uani nililitazama kama mtu anayetazama hoja yake ikithibitika.

Lilisimama siku ya Alhamisi, kabla ya kufika kituo cha Uhasibu, saa sita na nusu, masufuria yakiwa yamejaa. Nawal alinipigia simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia honi za malori.

“Babu, gari limezima. Limepiga kishindo ndani, kisha likazima.”

Nilikodi bajaji. Nilipofika nilimkuta amesimama katikati ya barabara yenye malori ya makontena, mtandio wake umelowa jasho, akimwelekeza dereva mmoja apite upande. Msaidizi wake alikuwa amelikumbatia sufuria la pilau kando ya njia kama anayelinda mtoto. Tulihamisha vyakula kwenye bajaji yangu na nyingine aliyoisimamisha Nawal. Mchuzi wa samaki ulimwagika sakafuni. Mimi, niliyezoea kuwaamuru watu wapakie mizigo, nilibeba ndoo ya maharage kwa mikono miwili, kanzu yangu ikapata doa la nazi ambalo halijatoka.

Chakula kilifika saa nane kasorobo. Sikushuka, nilibaki kwenye bajaji, nikamwona Nawal kupitia geti la yadi akizungumza na msimamizi. Yule bwana hakupaza sauti. Alitikisa kichwa, akaangalia saa, akaonyesha kwa mkono upande wa barabara, ambako watu wake walikuwa wakirudi kutoka kwa mama lishe, wakichokonoa meno. Nawal aliinamisha kichwa na kusikiliza mpaka mwisho. Aliporudi alisema, “Kasema tusilete kesho.”

“Na Jumatatu?”

“Tusilete, babu.”

Gari lilivutwa mpaka Buguruni. Nawal, bila kuniuliza, alimpigia simu Revelian, naye akaja kwa pikipiki siku ya pili yake baada ya swala ya Ijumaa. Nilidhani amekuja kufurahia. Hakuonyesha furaha. Alimsalimu Twaha kama fundi anavyomsalimu fundi, wakachuchumaa pamoja mbele ya injini iliyokwisha kufunguliwa, nami nikakaa kwenye benchi, Nawal akasimama nyuma yangu.

“Mkanda umefungwa vizuri,” akasema Revelian. “Alama zote ziko mahali pake. Nani kaufunga?”

“Mimi,” akasema Twaha.

“Umefunga vizuri, braza. Mkanda haukujikata wenyewe. Pampu imeshika, ikaukata. Valvu zimekutana na pistoni, na hedi, kichwa cha injini, imepasuka, ona hapa.” Akaichukua pampu, akaizungusha, haikuzunguka. “Ulipofunga mkanda, hii uliiona?”

“Niliiona.”

“Ilikuwa inacheza?”

“Ilikuwa inacheza.”

“Sasa?”

 Twaha alinitazama, kisha akatazama mikono yake.  Mtu wa Mikocheni, ambaye hakujua lolote la mikeka yetu na mifuko yetu, alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasubiri.

“Mjibu, Twaha,” nikasema. “Mimi pia nataka kusikia.”

“Ami, nilifungua bahasha ulipoondoka.” Aliongea kwa sauti ya chini. “Kilichokuwamo kilitosha mkanda na roli moja. Pampu nzima ya kuaminika peke yake ilikuwa inazidi bahasha. Nikasema nitajazia kwa fedha yangu niinunue, lakini wakati ule mama alikuwa amelazwa hospitali.”

“Na ufundi wako?”

“Ufundi sikuuhesabu.”

“Ulifanya kazi bure.”

“Kwako, Ami, si bure.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Aliinua uso. Ndiyo mara ya kwanza mtoto wa Marijani alinitazama machoni kwa muda mrefu. “Ningekuambiaje, Ami? Nije nyumbani kwako, mbele ya watu, niseme bahasha yako haikufika? Baba angefufuka anipige.”

Revelian alisimama, akaenda kando, akajifanya anasikiliza simu. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

“Ningeuza kitu,” nikasema. “Ningemwambia Suhaib atume. Nawal alikuwa na akiba yake.”

“Nilikuwa nayo,” akasema Nawal nyuma yangu. “Yote. Niliiweka kwa ajili ya gari. Nilikuwa nangoja tu mtu ataje bei.”

Ni hayo tu aliyosema, siku ile na baada yake. Hakunilaumu mimi wala hakumlaumu Twaha. Fedha ilikuwapo, aliyejua kasoro alikuwapo, na mwenye gari alikuwapo, tukisimama hatua chache kati ya mmoja na mwenzake. Ila mmoja aliona haya kutaja, mwingine aliona haya kuuliza, na wa tatu nilikuwa nimemfukuza akakae juani.

Revelian aliporudi alitupa hesabu, nasi safari hii tuliisikiliza. Injini nyingine iliyotumika, pamoja na kuifunga, ingezidi thamani ya gari lote. Kuitengeneza ile ya zamani kungekaribia hapo hapo, tena bila uhakika.

“Mzee, mie nakwambia ukweli, usinichukie tena.”

“Sikukuchukia.”

“Ulinichukia, mzee wangu, nilikuona. Si neno. Uzeni hili kwa anayetaka spea. Gari la umri huu mnalitunza kabla halijalia. Likishalia, linakula kuliko linavyoleta.”

Tuliliuza. Mnunuzi alikuja na lori dogo na akalipakia, ubao wa Nawal wenye kingo ukiwa bado ndani. Nilitaka kumwambia autoe, nikaona hauna kazi tena.

Akiba ya Nawal ilitumika kuwalipa wale kina mama mpaka walipopata kazi kwingine. Sasa anapika Mikocheni, kwenye jiko la kampuni ya mtu mwingine, mitaa miwili kutoka gereji ile tuliyoiacha kwa hasira zangu. Anatoka kabla ya alfajiri kung'aa na anarudi amechoka. Masufuria yake makubwa yamefunikwa uani, moja juu ya jingine, na mvua ikinyesha yanalia. Asubuhi ananiamkia, anabusu mkono wangu na kuniuliza kama nimelala salama. Hakuna kilichopungua katika adabu yake. Lakini mwezi uliopita nilisikia, kwa kupitia kwa jirani, kwamba amekwenda kuangalia gari dogo la kununua kwa mkopo, kisha akaliacha kwa sababu fundi aliyekwenda naye hakuridhika na injini. Fundi gani, sikumwuliza. Zamani nisingehitaji kuuliza.

Twaha naye hakuja nyumbani kwetu sikukuu iliyopita. Mama yake alinitumia salamu na sahani ya visheti, nami nikairudisha sahani na halua, kama desturi. Wiki iliyofuata nilikwenda Buguruni kwa miguu yangu nikamkuta chini ya lori. Alitoka, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaagiza kahawa. Tulikunywa. Nilitaka kumwambia kwamba bahasha ile ilikuwa ndogo kwa sababu sikuuliza, si kwa sababu alikuwa na thamani ndogo kwangu. Nilitafuta maneno, nikamwuliza habari za miguu ya mama yake. Akanijibu inaendelea vizuri.

Marijani na mimi tulifundishwa adabu iliyofaa mfuko uliofungwa. Mfuko ukikaa dukani mwaka mzima unabaki vile vile, hata usipouhesabu. Gari halikai hivyo. Kila kilomita inakula kitu ndani yake, na kinacholiwa kina jina na kina bei, ambayo ni lazima mtu mmoja aitaje na mwingine aisikie. Hilo sikufundishwa na mtu, na nimelijifunza nikiwa na ndoo ya maharage mikononi.

Basi nyinyi vijana, wajukuu zangu na wajukuu wa wengine, nisikilizeni, na sitaki mnijibu kwamba mmesikia huku mnatazama simu. Mkimpelekea fundi gari lililotembea sana, mwulizeni ni vitu gani vyote vinavyotakiwa kubadilishwa, na kila kimoja bei gani, na mmwulize mbele ya uso wake, hata kama aliye mbele yenu ni mwanangu mimi. Mchagueni kwa magari aliyoyatengeneza yakadumu, na muwaulize wenye magari hayo. Na wewe fundi kijana unayemwonea haya mzee aliyekuwa rafiki wa baba yako, usiifunge kazi nusu kwa ajili ya kumstahi. Mfuate mpaka nyumbani kwake, mwambie bahasha haikufika. Atakunja uso. Mwache aukunje. Hasira yangu mimi ingepoa kabla ya Ijumaa, na jiko la mjukuu wangu lingekuwa linawaka mpaka sasa. Siku hiyo mzee akikuamuru unyamaze, usimtii. Nami, Aidarus bin Hudhaifa, ambaye maisha yangu yote nimedai kutiiwa, ndiye ninayekuamuru hivyo.